Mwalimu Aliyekataa Shairi la Nchi

Mwalimu hakupenda kuulizwa anatoka wapi. Hapa Texas swali hilo huulizwa na kila mtu: dereva wa teksi, muuza simu, muuguzi anayekupima presha. Wengine hulijibu haraka ili yaishe. Yeye alitabasamu na kusema, "Natoka ghorofa ya pili," kisha akangoja. Mtu akicheka, alimpenda. Mtu akikasirika, alimweleza kwa upole kwamba ametoka Omdurman, ng'ambo ya mto kutoka Khartoum, na kwamba huko alikuwa akifundisha mashairi ya Kiarabu katika sekondari ya wavulana.

Tulikutana kwenye ngazi. Tulikaa jengo moja la kupanga huko Sharpstown, Houston, mimi chini na yeye juu kwa binti yake, na nilikuwa na mazoea ya kuketi ngazini nikitoka kazini nimpigie mama yangu Voi. Jioni moja Mwalimu alishuka na mfuko wa takataka, kanzu nyeupe imepigwa pasi kama ya sikukuu, akasimama karibu nami mpaka nikakata simu. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha Mombasa, "Mguu wa mama umepata nafuu?"

Niligeuka kumtazama. Akaniomba radhi kwa kusikiliza. Alieleza kwamba ujanani alipelekwa Mombasa kufundisha Kiarabu, akakaa miaka mingi, na Kiswahili kikamwingia bila kumwomba ruhusa. "Lakini miye si Mswahili, binti yangu," alisema. "Ni mgeni aliyekaa sana."

Tangu siku hiyo nikawa na mtu wa kuzungumza naye, na yeye akawa na mwanafunzi. Nasema mwanafunzi ingawa Kiarabu sikijui hata cha kuomba maji. Mimi ni Mtaita, Mkristo, muuguzi, na mashairi niliyaacha darasani pamoja na sare ya shule. Lakini Mwalimu hakuweza kukaa na mtu bila kumfundisha. Kabla salamu hazijaisha alikuwa ameshaanza somo.

Alipenda kuyakamata maneno yetu yaliyotoka kwao na kuyahoji, kama mtu aliyekutana na jamaa wa mbali ambaye sura yake imebadilika. Neno "taifa" lilimshangaza tangu Mombasa. Kwao, alisema, hilo ni kundi tu, watu wa upande fulani, na mara nyingi wanalisikia wakati watu wanapochinjana. Sisi tumelichukua tukaliita nchi nzima. "Mlifanya vizuri," aliniambia. "Ama hamkujua mlichookota. Vyovyote iwavyo, mlifanya vizuri."

Neno "ughaibuni" lilimhuzunisha. Mimi nilikuwa nalitamka kila siku kwa maana ya ng'ambo tu, mahali pa dola na baridi. Akaniambia ndani yake yumo ghaibu, yaani mtu asiyekuwepo. Kwa hiyo nikisema naishi ughaibuni, nimesema naishi katika kutokuwepo. Alipoona uso wangu alijuta, akaniambia nipande nyumbani kwake ninywe chai.

Chai yake ilikuwa ya maziwa mengi na sukari isiyo na huruma. Binti yake, ambaye ni mfamasia, alikuwa akificha kopo la sukari, na Mwalimu alikuwa akilifichua. Televisheni yao ilikaa kwenye stesheni ya Sudan mchana kutwa, bila sauti. Alisema picha zinamtosha, watangazaji wanasema uongo. Bado asubuhi alikuwa akiniambia walichosema watangazaji.

Hakuwa mtu wa kushikika upande mmoja. Akisikia kijana anaitukana Amerika, alimuuliza ni nani aliyemlipia shule. Akisikia mwingine anaisifu, alimuuliza kama ameshawahi kutembea kwa miguu mtaa wowote wa nchi hii akasalimiwa. Alinunua matikiti dukani kila kiangazi, akayalaani kwamba hayana utamu wa matikiti ya kando ya Nili, akala yote mpaka kwenye ganda.

Na washairi aliowapenda kuliko wote, wale wa zama hizi walioandika juu ya nchi zao, hakuwaachia nafasi ya kupumua. Aliniambia zamani neno la Kiarabu la nchi lilikuwa dogo, lilimaanisha mahali mtu anapokaa na mifugo yake inapolala. Kisha zikaja tawala za kigeni, mipaka, bendera, na washairi wakalichukua lile neno dogo wakalifanya mama, wakalifanya mchumba, wakalifanya jeraha. Wengi wao, alisema, waliandika wakiwa kwenye vyumba vya kupanga katika miji ya watu. Aliyebaki nyumbani huandika habari ya bei ya mkate. "Nchi huwa nzuri ukiwa mbali," aliniambia. "Ukiikaribia inaanza kukudai kitambulisho."

Nilidhani ni mzaha wa mwalimu mzee. Sikujua bado kwamba alikuwa na ugomvi wake binafsi na mashairi hayo.

Nilianza kuuona mwaka ule dhoruba ilipotukatia umeme mtaa mzima. Joto la Houston bila umeme halikaliki ndani, kwa hiyo watu wote wa jengo tulihamia uani, kwenye maegesho ya magari. Majirani wa Honduras walileta jiko la mkaa, sisi tukaleta nyama zilizokuwa zinayeyuka kwenye friji. Jirani yetu mmoja, Mkongomani wa Uvira anayefanya kazi kiwanda cha makaratasi, alikuja na sufuria ya maharage na viti vyake vyote. Tukala pamoja mchana ule kama watu wa msiba ambao hawajui aliyekufa.

Baada ya kula Mwalimu alisimama, akakamata ncha ya kilemba chake, akasoma shairi. Sauti yake ilikuwa pana kuliko mwili wake. Hata watoto waliacha mpira. Alipomaliza, jirani wa Uvira akamuuliza, "Mwalimu, ile shairi inasema nini? Ni ya inchi yenu?"

Mwalimu akasema hapana, ni ya mwanamke aliyechelewa kwenye miadi.

"Utusomee ya inchi," yule jirani akasema. "Sisi tuko na inchi, lakini inchi haiko na sisi. Tusikie vile wengine wanalia."

Mwalimu alimsogelea. Akamshika bega, akaketi bila kusoma. Akachukua glasi ya chai.

Ugomvi ulitoka hadharani kwenye darasa lake. Kila Jumamosi alasiri alikuwa akifundisha mashairi katika chumba cha nyuma cha duka la vyakula la Msudani mwenzake, kati ya magunia ya dengu na makopo ya samli. Walikuja Wasudani, Wasyria, na mama mmoja wa Kiiraki, fundi wa nguo, ambaye ndiye aliyekuwa akimbishia zaidi. Mimi nilikwenda nikiwa off, nikakaa karibu na mlango nikisikiliza sauti, na Mwalimu alinitafsiria kidogo kila kipande, jambo lililowaudhi wengine.

Alifundisha mashairi ya mapenzi, ya usafiri, ya farasi, hata moja refu la kumkejeli paka mnene. Ya nchi hakufundisha. Wakiyaomba aliwaambia wiki ijayo.

Vita vilipoanza Khartoum, vikavuka mto vikaingia Omdurman, watu walikuja darasani wengi kuliko siku zote. Wengine walikuwa hawajalala. Simu za nyumbani zilikuwa hazipatikani. Mzee mmoja alisimama akasema kwamba leo si siku ya mapenzi wala farasi, leo Mwalimu awasomee shairi la nchi, ili walau wailie pamoja. Wakaitikia wote.

Mwalimu akasema hawezi.

Mama wa Kiiraki alimuuliza jambo kwa Kiarabu, taratibu. Baadaye nilimuuliza Mwalimu maana yake. Alikuwa amemwambia: sisi tulipoteza nchi tukiyasoma mashairi haya, yalitufaa kwa kushikana mikono, wewe unatunyima kwa nini? Na mtu mwingine nyuma, ambaye hakusimama, akasema kwamba huenda Mwalimu hana nchi.

Mwalimu alichukua fimbo yake akatoka, nami nikatoka nyuma yake, nikampeleka nyumbani kwa gari langu. Tulifika chini ya jengo. Nilipozima gari hakufungua mlango.

Akaniambia kwamba Omdurman alikuwa na mwanafunzi mmoja aliyesoma mashairi kuliko wote aliowahi kuwafundisha. Kijana wa mwaka wa mwisho, mtoto wa mjane aliyeuza chai sokoni. Alimpa shairi la nchi alisome mbele ya shule nzima, shairi ambamo nchi inawaita watoto wake mmoja mmoja. Kijana alilisoma hivi kwamba walimu walilia. Miezi michache baadaye watu waliingia barabarani kuipinga serikali. Kijana aliingia nao. Wenzake walimsikia akilisoma lile shairi juu ya paa la gari, na watu wakiitikia mwisho wa kila ubeti. Askari walipiga risasi. Alikufa pale pale.

"Nilikwenda msibani," Mwalimu alisema. "Mama yake alinishika mkono. Akaniambia, Mwalimu, ulimfundisha vizuri. Basi. Hakuongeza neno." Akatazama mbele, kwenye kioo cha gari. "Mpaka leo sijui alinishukuru au alinilaani. Nimelipindua lile neno kila upande. Wewe unasikiaje?"

Nikamwambia sijui. Kiswahili nacho kinaweza kulisema neno hilo kwa njia zote mbili.

Alistaafu mwaka huohuo wa msiba. Binti yake akamleta Houston.

Vita havikumwacha. Mdogo wake, ambaye alibaki kuilinda nyumba ya wazazi wao, aliugua akiwa amezingirwa, dawa hakuna, hospitali imefungwa. Alipokufa, makaburini hakufikiki kwa sababu ya risasi, kwa hiyo mkewe na majirani walimzika uani, kando ya birika la kutawadhia. Habari ilifika kwa ujumbe wa sauti, siku nyingi baada ya maziko. Mwalimu aliusikiliza akiwa amesimama, kisha akaniuliza kama ningependa chai. Aliipika mwenyewe. Alisahau sukari, na hilo ndilo lililomliza binti yake.

Shemeji yake huyo, mjane, alitoroka mwishowe mpaka Cairo. Mwalimu alitaka kwenda kumpa mkono wa pole, kama inavyompasa mkubwa wa ukoo. Lakini pasipoti yake ya Sudan ilikuwa imeisha muda, na ubalozi ulikuwa haujibu simu. Ya Amerika hakuwa nayo. Miaka yote binti yake alipomsihi aombe uraia alisema, "Nita-apply mwakani," kama vile vijana wetu wanavyosema, na akabadilisha mazungumzo. Sasa aliomba. Alisoma majibu ya mtihani kwa sauti ya mashairi, majina ya marais kwa mizani, mpaka mimi nikayajua.

Siku ya kiapo binti yake alikuwa zamu, nikampeleka mimi. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa kila nchi, wamevaa vizuri, wanapiga picha. Yeye alivaa kanzu yake na kilemba kipya. Aliinua mkono, akayasema maneno yote bila kuruka hata moja, akapewa bendera ndogo. Mwanamke aliyekaa karibu naye alimkumbatia, naye akamwacha amkumbatie.

Kwenye gari aliniomba nisiwashe redio. Tulipofika kwenye barabara kuu nikamuuliza anajisikiaje.

"Wameniambia niikane dola ya kigeni," alisema. "Dola nimeikana bila shida, yenyewe ilinikana zamani. Habari ya nchi hawakuniuliza." Baada ya kitambo akaongeza, "Nilikuwa naogopa wataniuliza."

Alikwenda Cairo peke yake. Aliporudi, hakurudi Houston. Binti yake alikuwa amepata kazi upande wa Dallas, wakahamia Mesquite, na mimi kwa bahati nikapata kazi ya ofisini Plano, upande huohuo, kusimamia faili za wagonjwa badala ya wagonjwa wenyewe. Lakini Dallas ni kubwa na maisha yanabana. Tulikuwa tukipigiana simu sikukuu hadi sikukuu, na kila mara sauti yake ilikuwa imepungua. Figo zilikuwa zimechoka. Alikuwa akipelekwa kusafishwa damu, anarudi, analala.

Nilimwendea Jumapili moja mchana, baada ya kanisa. Nyumba yao iko kwenye mtaa ulionyamaza, nyuma yake maghala marefu ambako malori huingia na kutoka. Nilimkuta sebuleni, blanketi magotini ingawa nje kulikuwa na jua. Kanzu ilikuwa imempwaya. Televisheni ilikuwa imezimwa kabisa, na hilo lilinishtua kuliko mikono yake iliyokonda.

Alifurahi. Aliniuliza habari za mama, nikamwambia mama alishatangulia mbele ya haki. Akasema maneno ya pole ya Mombasa, yale marefu, hakuyasahau. Kisha akaniambia kuna jambo alilongoja kunisimulia ana kwa ana, maana kwenye simu lingeharibika.

Huko Cairo, siku aliyokwenda kumpa pole shemeji yake, alikuta chumba kimejaa wanawake waliokimbia kutoka Omdurman, wanapika pamoja, wanalala pamoja. Mmoja wao alikuwa mama wa yule kijana. Alikuwa amezeeka, lakini alimtambua Mwalimu kabla hajavua viatu. Wakaketi. Mwalimu alisema alijikuta amemuuliza bila kujipanga, mbele ya watu: siku ile msibani, uliposema nilimfundisha vizuri, ulikuwa na maana gani?

Mama alimwambia ukweli. Alimwambia kwamba alimlaumu, na alisema vile ili neno limchome, na alitamani limchome maisha yake yote. Baadaye alichoka kumlaumu mtu. Wakaja wenye bunduki wengine, wakachoma soko alilouzia chai, na akaona hasira zake hazitoshi kugawiwa kila mmoja anayestahili. Akamwomba jambo moja tu: asome lile shairi, kwa sababu picha za mwanawe ziliungua na nyumba, na amesahau alikuwa anasikikaje.

"Ukalisoma?" nikamuuliza.

"Nililisoma. Katikati nikakwama. Nikaona haya, mwalimu mzima. Yeye akalimalizia. Kumbe analijua lote."

Nilidhani habari imeisha, nikainuka nimpe maji. Akanizuia kwa mkono.

"Kuna kitu sikukwambia siku ile kwenye gari," alisema. "Hapa Amerika sijamwambia mtu. Yule kijana alikuwa na kigugumizi. Kikali. Jina lake mwenyewe lilikuwa linamchukua dakika, wenzake wanamcheka. Lakini ukimpa shairi, hakwami hata herufi. Ndiyo sababu nilimchagua. Sikumchagua kwa kuipenda nchi. Nilitaka shule nzima imsikie akisema. Na miye nafikiri hata pale juu ya gari," akatafuta neno, akalikosa, akalitafuta tena, "nafikiri alikuwa ameona watu maelfu wanamsikiliza, wala hakuna anayecheka."

Binti yake alipita na dawa, akampa, akameza. Tulingoja mpaka alipotoka.

Nikamuuliza kama hilo alimwambia mama wa kijana.

"Nilimwambia. Akaniambia hata nyumbani ilikuwa hivyohivyo. Akitaka chumvi mezani, alikuwa anaiomba kwa mizani ya shairi, na vina vyake, ili asikwame. Mama yake alimwigiza mbele yangu, mkono hivi, shingo juu: nipe, ewe mama, chumvi." Mwalimu aliinua mkono wake uliokonda, kiganja juu, na kwa mara ya kwanza mchana ule sauti yake ya zamani ikatoka, pana, ikajaza sebule. "Tulicheka, binti yangu. Miye na yeye, tumeshikana, tunacheka mpaka wanawake wakaacha vyungu wakaja kutazama tumepatwa na nini. Hatukuweza kuwaambia."